Mto Mirongo Hauhitaji Semina Nyingine

Asubuhi moja ya masika, siku iliyofuata baada ya mvua kubwa, niliwachukua wanafunzi wangu wa somo la sera za umma tukatembea kandokando ya Mto Mirongo, kutoka Mabatini kuteremka kuelekea ziwani. Nilitaka waone kwa macho yao kile ambacho darasani tunakiita "usimamizi wa rasilimali". Mto ulikuwa umejaa usiku, na asubuhi hiyo maji yalikuwa yamekwisha kupungua, yakaacha alama ya matope kwenye kuta za nyumba, chupa za plastiki juu ya matawi, na harufu ambayo sina haja ya kumweleza mkazi yeyote wa Mwanza.

Tulimkuta mama mmoja wa makamo akinyanyua mchicha wake uliolazwa na maji. Mwanafunzi wangu mmoja, kijana mwenye bidii, akamwamkia kwa heshima, kisha akaanza kumweleza jinsi maji yale yalivyo hatari kwa afya na kwamba ni muhimu jamii ielimishwe. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, mmekuja wengi kutuambia kuwa maji haya ni machafu. Pua tunazo. Wewe uliyesoma niambie, bomba la choo litafika kwangu lini?"

Kijana akanitazama mimi. Mimi nikatazama mto.

Nimeliwaza swali hilo kwa muda mrefu, na makala hii ni jaribio la kulijibu, ingawa jibu lenyewe si la kunipendeza. Kwa zaidi ya miaka kumi nimefundisha, nimeandika na nimesimama kwenye mikutano nikisema kwamba tatizo la uchafuzi wa mazingira katika miji yetu ni, kwanza kabisa, upungufu wa elimu kwa umma. Leo sidhani hivyo. Naamini kwamba maneno "elimu kwa umma", kwa namna tunavyoyatumia, yamekuwa njia ya wasomi na watendaji ya kuhamishia lawama kwa watu wasio na bomba.

Tuanze na mto wenyewe. Mirongo ni mto mfupi, na ramani nyingi za nchi hazina nafasi ya kuuonyesha. Hukusanya maji ya vilima vilivyo mashariki mwa jiji, hupita Mabatini, huteremka kuelekea Mlango Mmoja na maeneo ya katikati ya jiji, kisha huingia Ziwa Victoria upande wa kuelekea Kirumba. Wakati wa kiangazi mtu mzima anaweza kuuvuka kwa kuruka juu ya mawe. Wakati wa mvua hubadilika kwa saa chache tu ukawa mto wa kutisha, kwa sababu vilima vyetu ni mwamba. Mgeni anayefika Mwanza huyashangaa mawe makubwa yaliyopandiana na huupiga picha Mwamba wa Bismarck kule ufukweni. Sisi tunaoishi hapa tunajua gharama ya mawe hayo: udongo juu yake ni mwembamba, maji ya mvua hayazami, huteremka yote kwa pamoja yakibeba kila kitu kinachobebeka.

Mwamba huo huo ndio unaoamua choo cha maskini kitakuwaje. Kwenye tambarare mtu anaweza kuchimba shimo la futi kumi au kumi na tano na akaishi nalo miaka mingi. Juu ya kilima cha mawe, sululu inagonga mwamba kabla fundi hajafika kiunoni. Kwa hiyo shimo linajengwa juu kwa juu, kwa mawe na saruji, nalo hujaa upesi. Gari la kunyonya haliwezi kupanda, kwa maana njia ya kufika kwenye nyumba ni ngazi na vichochoro vya watu wawili kupishana. Basi mwenye nyumba huacha tundu pembeni, huliziba, na husubiri mvua. Mvua kubwa ikinyesha usiku, tundu hufunguliwa. Kiswahili chetu cha mitaani kina neno lake: kutapisha choo. Kila mtu mtaani anajua nani ametapisha, na karibu hakuna anayemshitaki, kwa kuwa kesho ni zamu ya mwingine.

Zidisha sasa shimo hilo moja kwa ukubwa wa jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 706,453 katika wilaya za Nyamagana na Ilemela kwa pamoja. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 1,104,521. Katika miaka kumi tumeongeza karibu watu laki nne, na sehemu kubwa ya wageni hawa hawakupata viwanja vilivyopimwa. Walipanda vilimani kama waliowatangulia. Kinachoteremka kutoka vilima hivyo, pamoja na maji ya magereji, ya sehemu za kuoshea magari, ya masoko na ya majengo makubwa yenye mashimo yasiyotosha, hupitia mifereji michache, na mmojawapo, ulio mkubwa kuliko yote katikati ya jiji, tunauita mto.

Kuna wanaojifariji kwamba ziwa ni kubwa, litameza. Ni kweli kwamba Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na hakuna ziwa la majibaridi barani Afrika linalolizidi kwa eneo. Lakini ni ziwa pana lisilo na kina. Kina chake cha wastani ni kama mita 40, na pale lilipo refu zaidi kwenda chini halizidi sana mita 80. Ziwa Tanganyika, jirani yake, linazama zaidi ya mita 1,400. Jambo la pili, ambalo watu wengi hawalifikirii, ni jinsi ziwa hili linavyopata na kupoteza maji yake. Sehemu kubwa sana ya maji yake huingia kwa mvua inayonyesha moja kwa moja juu yake, na sehemu kubwa hutoka kwa mvuke. Ni kiasi kidogo tu kinachotoka kwa Mto Naili pale Jinja. Nanyi mnajua tabia ya mvuke: huondoka na maji ukaacha vingine vyote sufuriani. Naitrojeni na fosforasi zinazotoka kwenye vyoo vyetu, kwenye sabuni zetu na kwenye mashamba ya Kanda ya Ziwa hazipandi mbinguni. Zinabaki zikirutubisha mwani na magugu.

Wenye umri wangu tunakumbuka magugu maji ya miaka ya 1990, yalipofunika ghuba na mialo hata mitumbwi ikashindwa kutoka. Serikali za nchi tatu zilitumia fedha nyingi kwa miaka mingi, wakaletwa mbawakavu wa kuyala, yakapungua, yakarudi, yakapungua tena. Gugu lile lilitoka Amerika ya Kusini, lakini mbolea yake ilikuwa yetu. Na hapa Mwanza kuna jambo la karibu zaidi. Maji tunayokunywa jijini yanatoka ziwa hili hili. Chanzo chetu kikuu cha miaka mingi kiko Capri Point, kilomita chache tu kutoka pale Mirongo unapomwaga. Sasa kipo pia chanzo kipya cha Butimba, na ni jambo la kushukuru. Maji yanasafishwa na kutiwa dawa kabla ya kutufikia. Lakini kadiri maji ghafi yanavyokuwa machafu ndivyo dawa na umeme wa kuyasafisha vinavyogharimu zaidi, na gharama hiyo hailipwi na mto. Inalipwa kwenye ankara yako na yangu.

Baada ya kusema hayo, hatua inayofuata katika mikutano yetu huwa inajulikana. Mtu husimama, mara nyingi mwenye shahada kama yangu, akasema: "Wananchi waelimishwe." Wote hutikisa vichwa kukubali. Hupangwa semina. Hutolewa fulana na kofia. Huwekwa bango kando ya mto lenye maneno TUTUNZE MAZINGIRA YATUTUNZE. Mvua inayofuata huliondoa bango.

Naomba nitoe ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Mimi ninaishi katika nyumba isiyounganishwa na mtandao wa majitaka. Nina shimo, tena zuri, lililojengwa na fundi mzuri. Miaka michache iliyopita lilijaa, nikaita gari la kunyonya. Nilipata bei mbili. Moja ilikuwa ya juu na ilikuwa na risiti. Nyingine ilikuwa ya chini sana, ya gari la mtu binafsi lililokuja jioni. Nilichukua ya chini. Wakati bomba likinyonya nikamuuliza dereva, kama mtu anayetaka kuzungumza tu, "Kijana, unakwenda kumwaga wapi?" Akacheka akasema, "Mzee, wewe umelipia kunyonya. Kuuliza hukulipia." Nikacheka pamoja naye. Gari likaondoka likielekea upande ambao sipo yalipo mabwawa ya majitaka, nami nikafunga geti.

Ndugu msomaji, nakuuliza: ni elimu gani niliyoipungukiwa jioni ile? Nina shahada ya uzamivu. Juma hilo hilo nilikuwa nimefundisha mada ya mchafuzi kulipa gharama za uchafuzi wake. Nilijua kifungu cha sheria. Nilijua ziwa liko wapi. Nilichokuwa nacho ni bei mbili, umbali wa kwenda mabwawani ambao ulikuwa unamla dereva mafuta, na uhakika kwamba hakuna mtu atakayeuliza. Ningehudhuria semina mia moja, hesabu ile isingebadilika. Sasa kama mimi nilishindwa nikiwa na mshahara, kwa nini tunamtarajia mama wa Mabatini, anayeishi kwa mchicha, ashinde kwa kupewa fulana?

Tazama mfano wa upande wa pili. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kabla ya hapo tulikuwa tumeelimishwa kuhusu mifuko hiyo kwa miaka mingi, na kila mwaka ilizidi. Ilipofika siku ile, mifuko iliondolewa madukani, ikaja mbadala wa kubebea, na mwenye duka akajua kwamba atatozwa faini. Katika wiki chache nchi nzima ilibadilisha tabia. Je, Watanzania walielimika ghafla mwezi wa Juni? La. Kilichobadilika ni kile kilichokuwepo dukani na kile kilichomgharimu mtu kukivunja.

Historia ya mito mingine inasema hivyo hivyo. Huko Cleveland, jimbo la Ohio nchini Marekani, upo mto uitwao Cuyahoga unaomwaga katika Ziwa Erie. Ulichafuliwa na viwanda na majitaka kiasi kwamba uliwahi kuwaka moto mara kadhaa, mara ya mwisho tarehe 22 Juni 1969. Wengi wanaukumbuka moto huo kama siku Wamarekani walipoelimika. Jambo lisilosimuliwa sana ni kwamba miezi kadhaa kabla ya moto, Novemba 1968, wapiga kura wa Cleveland walikuwa wamekubali mji wao ukope dola milioni 100 kwa ajili ya kusafisha mto na kujenga miundombinu ya majitaka. Na siku iliyofuata baada ya moto, meya wao, Carl Stokes, hakuitisha semina kwa wakazi wa kandokando ya mto. Aliwachukua waandishi wa habari akawazungusha kwenye vyanzo vya uchafuzi, akawaonyesha mabomba yanayotapika na nani anayehusika nayo. Mwaka 1972 ikaja sheria ya nchi nzima ya maji safi, yenye viwango, vibali na fedha za mitambo. Ilichukua miongo mingi, na kazi haijakwisha, lakini samaki wamerudi Cuyahoga. Walirudishwa na mabomba, vibali na fedha.

Mtu anaweza kusema kwamba huko ni Marekani, wana fedha. Basi tuje kwa wenzetu. Mwaka 1980, katika kitongoji cha Orangi mjini Karachi, Pakistani, Akhter Hameed Khan alianza kazi na wakazi wa makazi yasiyopimwa. Kila uchochoro ulijipanga ukajenga bomba lake la majitaka kwa gharama ndogo, na wajibu wa mamlaka ukabaki kwenye mabomba makuu. Katika miaka hiyo hiyo wahandisi wa Brazili walianza kulaza mabomba membamba, yasiyo na kina, yanayopita nyuma ya nyumba na katika vichochoro, mahali ambapo bomba la kawaida haliwezi kupita. Mbinu ya namna hiyo tunayo hapa hapa Mwanza. Katika miaka ya karibuni, kwa mradi wa maji na usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria, baadhi ya vilima vyetu, Kilimahewa, Igogo na Mabatini vikiwa miongoni mwake, vilianza kupata mtandao rahisi wa majitaka. Mteremko uliokuwa laana umekuwa msaada: majitaka yanashuka yenyewe ndani ya bomba badala ya kushuka mtaroni.

Hii ndiyo habari njema kubwa kuliko zote katika historia ya Mto Mirongo, na ni ajabu jinsi tunavyoizungumzia kidogo. Nyumba iliyounganishwa haitapishi choo tena. Mwenye nyumba hakuhitaji kugeuzwa moyo, alihitaji bomba la inchi chache lipite karibu na mlango wake. Swali la mama yule lilikuwa sahihi kuliko mhadhara wangu.

Sasa nije kwenye hoja za wanaonipinga, kwa kuwa nina marafiki miongoni mwao.

Wa kwanza husema: mabomba yanapita na bado watu wanakataa kuunganishwa. Ni kweli, wapo. Lakini ukiwauliza, sababu huwa zinaeleweka. Wengi wa wakazi ni wapangaji, na mwenye nyumba anayeishi kwingine haoni kwa nini atoe fedha wakati kodi anaipata vile vile. Mwingine hana fedha za mkupuo za kuunganishwa, ingawa angeweza kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Mwingine anahofia kwamba akiwekeza, kesho atabomolewa. Hakuna hata moja kati ya sababu hizo inayotibiwa na bango.

Wa pili husema: sheria ipo, itekelezwe, wote waliojenga ndani ya mita 60 za mto waondoke. Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto na ufukwe wa ziwa. Siipingi sheria hiyo. Nasema tu kwamba ukipima mita 60 kila upande wa Mirongo kutoka juu mpaka ziwani, kamba yako haitapita kwenye vibanda peke yake. Itapita kwenye maduka, maghala, barabara na majengo yenye vibali vilivyotolewa na ofisi za umma. Kama tutaanza kubomoa, tuanzie wapi? Uzoefu wa Dar es Salaam katika bonde la Msimbazi unatufundisha kwamba kuwahamisha watu mabondeni kwa haki kunahitaji fidia, mpango na fedha nyingi. Mradi wa bonde lile ulipata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 mwaka 2022. Mirongo hauna mkopo wa namna hiyo. Kubomoa bila mpango kutawapandisha watu wale wale kwenye kilima kingine, na choo chao kitateremka kwenye bonde jingine.

Wa tatu ndiye anayenisumbua zaidi. Husema: elimu imeokoa maisha, bila elimu tusingeshinda kipindupindu. Namkubalia. Mtoto anayecheza kwenye maji ya ufukweni hana njia ya kujua kwa pua kwamba konokono wa maji wanabeba kichocho. Mambo yasiyoonekana ni lazima yafundishwe. Lakini hapo ndipo penye kinaya. Mambo yasiyoonekana kuhusu Mto Mirongo hayako kwa mama wa mchicha. Yako ofisini.

Yapo maji machafu ambayo macho hayawezi kuyasoma. Kanuni zetu za viwango vya ubora wa maji za mwaka 2007 zinataka majitaka yanayoruhusiwa kumwagwa yasizidi miligramu 30 kwa lita katika kipimo cha oksijeni inayohitajika kuozesha uchafu. Je, kinachoingia Mirongo pale katikati ya jiji ni 30, ni 100, au ni 300? Vimelea vya kinyesi ni vingapi wakati wa kiangazi na wakati wa masika? Zipo taasisi zenye wajibu wa kusimamia maji haya, na zina wataalamu wazuri, baadhi yao tumewafundisha sisi. Nilipotaka takwimu za miaka michache kwa ajili ya wanafunzi wangu, nilikwenda katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Nikaambiwa niandike barua. Niliandika. Niliporudi nikaambiwa faili liko kwa mkubwa. Niliporudi tena, mkubwa alikuwa safarini. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatoa siku 30 za kujibu maombi. Zilipita mara kadhaa. Simlaumu karani aliyekuwa akinijibu kwa upole kila safari. Najiuliza tu: ikiwa mhadhiri mwenye barua yenye nembo ameshindwa, mvuvi au muuza dagaa atazipata wapi?

Kwa hiyo, kama lazima pawe na elimu kwa umma, basi igeuzwe mwelekeo. Umma tayari unajua kwamba mto unanuka. Sasa umma ndio unaostahili kuelimishwa na serikali yake kwa tarakimu. Katiba yetu, ibara ya 18, inaitambua haki ya raia kupewa taarifa za matukio muhimu kwa maisha yake. Maji ya kunywa ya watu milioni moja ni jambo muhimu kwa maisha.

Naona mambo manne yanayowezekana bila kusubiri mfadhili mpya.

La kwanza, orodha ya midomo. Kila bomba na kila mtaro unaoingia Mirongo, kuanzia Mabatini hadi ziwani, upewe namba na uandikiwe unatoka wapi. Wanafunzi wa vyuo vyetu wanaweza kuifanya kazi hiyo katika muhula mmoja, wakiwa na simu tu. Bila orodha hiyo, kila mchafuzi mkubwa ataendelea kujificha nyuma ya choo cha maskini.

La pili, tarakimu darajani. Kila mwezi, kwenye madaraja mawili au matatu, pabandikwe vipimo vichache vya maji katika Kiswahili kinachoeleweka, pamoja na kiwango kinachotakiwa kisheria. Gharama ya ubao ni ndogo kuliko gharama ya semina ya siku moja hotelini.

La tatu, gharama ya kuunganishwa igawanywe katika ankara ya kila mwezi, na wajibu wa kuunganisha uwe wa mwenye nyumba, si mpangaji. Na kwa sisi tunaobaki na mashimo, gari la kunyonya lipewe sababu ya kufika mabwawani. Leo dereva anayekwenda mbali anapoteza mafuta, na anayemwaga karibu anapata faida. Mteja alipe kwa kuponi, na dereva apokee fedha zake akishaikabidhi kuponi mabwawani. Dereva wangu asingekuwa na sababu ya kucheka.

La nne, mto uwe na mwenyewe. Bonde hili lina mamlaka ya majisafi, bodi ya maji ya bonde la ziwa, baraza la mazingira, halmashauri, wakala wa barabara za mijini na idara za afya. Kila mmoja ana kipande, na kila mmoja anaweza kusema kwa ukweli kwamba kipande kilichooza ni cha mwenzake. Mtumishi wa umma unayesoma makala hii unalijua hili kuliko mimi. Ateuliwe mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu kwenye ule ubao wa darajani, ambaye kazi yake ni kuwakutanisha wote hao na kujibu swali moja: mwezi huu tarakimu zimeshuka au zimepanda?

Jiji letu limewahi kupewa mara kadhaa nafasi ya kwanza katika mashindano ya kitaifa ya usafi. Najivunia ushindi huo, na wanawake wanaofagia barabara zetu alfajiri ndio waliouleta. Lakini uchafu uliofagiwa barabarani na usiozolewa huishia mtaroni, na wa mtaroni huishia mtoni. Jiji haliwezi kuitwa safi kwa barabara zake huku mto wake ukiwa choo.

Kwa wanaharakati, ombi langu ni hili: mkiandaa kampeni ijayo, peleka fulana mbili tatu pungufu, na barua moja zaidi ya kuomba takwimu. Sheria ya Mazingira, kifungu cha 4, inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu kinachofuata kinampa nafasi ya kuidai. Haki hiyo haijatumiwa vya kutosha kwa ajili ya mito midogo.

Kwa wanafunzi wangu, kazi ya muhula ujao ndiyo hiyo ya midomo. Mtavaa mabuti.

Na mimi? Shimo langu lilijaa tena mwaka huu. Niliita gari lenye risiti, nikalipa bei ya juu, kisha nikapanda gari langu nikalifuata mpaka mabwawani kuhakikisha. Nilijisikia mjinga kidogo, mzee mzima akifukuzia gari la choo barabarani. Lakini raia mmoja kulifuata gari moja si sera. Sera ni pale ambapo hapatakuwa na haja ya mtu yeyote kulifuata. Bado sijarudi kwa yule mama wa mchicha. Nitakwenda nitakapokuwa na tarehe ya kumtajia.